Darasa Limejengwa, Mlezi Analipwa na Nani?

Siku 84. Ndizo ambazo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua, au 100 akijaliwa mapacha. Akirudi kazini ana haki ya muda usiozidi saa mbili kwa siku wa kumnyonyesha mwanawe. Huyo mwana atakuwa wapi saa zilizobaki, sheria imenyamaza.

Jirani yangu hapa Nkuhungu aliingia siku ya 85 mwezi wa Julai, upepo wa Dodoma ukiwa kazini kuhamisha vumbi la mtaa huu kwenda mtaa ule. Ofisi yake iko Mtumba. Kutoka kwetu hadi Mji wa Serikali ni daladala mbili, kwa hiyo saa za kunyonyesha zinaisha akiwa bado amesimama Sabasaba anasubiri gari. Akafanya wanalofanya wengi: akapiga simu kwao Chemba aletewe binti. Binti akaja na begi la mgongoni ambalo bila shaka lilikuwa la shule. Ukiuliza umri unaambiwa kumi na sita. Uso unasema vingine, na mimi, kama majirani wote, nimechagua kusikiliza kilichosemwa.

Naanza na binti huyu kwa sababu ndiye anayelipa. Tukijadili malezi ya watoto wadogo huwa tunazungumza kana kwamba huduma haipo na hivyo gharama nazo hazipo. Gharama zipo na zinalipwa kila siku, ila hazipiti kwenye vitabu vya halmashauri. Analipa binti aliyeacha darasa. Analipa bibi mwenye magoti mabovu. Analipa dada wa miaka tisa ambaye shule ataiona kesho, leo zamu yake kubaki na mdogo wake. Analipa muuza mboga wa soko la Majengo ambaye mwanawe amelala kwenye boksi chini ya meza, kati ya miguu ya wateja.

Ugomvi wangu na namna tunavyogharamia jambo hili ni mmoja. Serikali yetu, Kuu na za Mitaa, ina mkono mwepesi wa kujenga na mkono mzito wa kumlipa mtu. Darasa lina jiwe la msingi, lina utepe, Mwenge wa Uhuru unaweza kupita ukalizindua. Mlezi hana utepe. Mshahara wake wa mwezi wa nne hauna wa kuupigia makofi. Na mtoto wa miaka miwili, kwa bahati mbaya ya mpangaji wa bajeti, halelewi na tofali.

Tuangalie kwanza pengo lenyewe lilipo. Mtoto akizaliwa, Wizara ya Afya inamjua kwa jina: ana kadi ya kliniki, anapimwa uzito, anachanjwa, na chanjo ya pili ya surua na rubela anaipata akiwa na miezi 18. Akifika miaka mitano hivi anaonekana tena, safari hii kwenye darasa la awali la shule ya msingi, ambalo sisi tuliosoma zamani bado tunaliita vidudu. Katikati hapo, miaka mitatu na ushee, ndipo anapopotea kwenye hesabu. Mama wa kliniki atakwambia amemaliza sehemu yake. Mwalimu mkuu atakwambia bado hajafika kwake. Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana viko chini ya ustawi wa jamii, ambao tangu Januari 2022 una wizara yake ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Sera na mtaala wa awali uko Wizara ya Elimu. Majengo, walimu na halmashauri viko TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa. Wote hao ofisi zao ziko Dodoma hii hii.

Haikosekani karatasi. Sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana tulikuwa nayo tangu 1981. Sheria ya Mtoto ya 2009 ikaja, na kanuni zake za vituo zikatoka 2014. Desemba 2021 ikazinduliwa hapa hapa Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile ya herufi nyingi, PJT-MMMAM, ikimtazama mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26. Ni waraka mzuri, nasema bila kejeli. Uliwakalisha watu wa afya, lishe, elimu, ulinzi na malezi kwenye meza moja, jambo ambalo kwa serikali yoyote si dogo. Dodoma na Dar es Salaam zikachaguliwa kuwa mikoa ya kuanzia vituo vya mfano vya kijamii. Lakini ukisoma sheria zote hizo kwa jicho la mhasibu utaona kitu kimoja: serikali inajipa kazi ya kusajili, kukagua na kufungia vituo. Kazi ya kuviendesha wanaachiwa mashirika ya dini, wafadhili, na mama mwenye uani mpana. Kwa hiyo kituo cha mchana kimesimamiwa kama biashara ya fremu: lete leseni, onyesha choo, onyesha uzio, weka mlezi mwenye cheti. Masharti hayo ni ya haki, maana watoto wanaungua na kupotea. Ila kila sharti lina bei, na bei hiyo inamfikia mzazi.

Matokeo yake kila mkazi wa Dodoma anayajua. Kuna dei kea zenye bembea, katuni ukutani na gari la njano linalopita Ilazo na Area D kila alfajiri, ambazo ada yake ya mwezi inagombana na kodi ya nyumba. Halafu kuna uani wa mama fulani, watoto kumi na kitu kwenye mkeka, hakuna kibao, hakuna usajili, analipwa kwa siku, na siku huna hela unamwacha mtoto kwa mali kauli. Mwanangu wa pili alikulia kwenye uani wa namna hiyo kwa miezi saba. Alirudi na upele mara mbili na nyimbo kama ishirini. Sikuwahi kuuliza kama kituo kimesajiliwa, na nisingependa mtu aniulize kwa nini sikuuliza.

Dodoma ina sababu yake ya pekee ya kuaibika katika hili. Miji mingine inaweza kusema ilikua yenyewe kama magugu, lakini huu wa kwetu ulipangwa. Uamuzi wa kuhamia hapa ni wa 1973, Mpango Kabambe wa kwanza ukatoka 1976, umechorwa na kampuni ya Canada, na uliota mji wa watu wanaotembea kwa miguu, huduma zikiwa jirani na nyumba. Kisha tukakaa miaka arobaini tukitaniana kuhusu makao makuu yasiyohamiwa. Mwaka 2016 Rais Magufuli akasema serikali inahama, na safari hii ikahama kweli. CDA, mamlaka iliyokuwa ikiustawisha mji huu, ikavunjwa Mei 2017. Aprili 26, 2018 tukawa Jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa, ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Yaani mji ulikaribia kuongezeka mara mbili kwa miaka kumi, na sehemu ya ongezeko hilo ilikuja kwa barua ya uhamisho. Serikali ndiyo iliyowaleta. Iliwaleta wakiwa vijana, umri wa kuzaa, na ikawaacha mbali na mama zao na shangazi zao waliobaki Mbagala, Moshi na Bukoba. Ule msaada wa ukoo tunaousifu kwenye hotuba, ulikatwa na serikali yenyewe kwa posho ya uhamisho.

Wakati huo Jiji lilikuwa likipima na kuuza viwanja kwa kasi iliyolifanya lisifiwe kwa mapato yake ya ndani. Iyumbu, Nala, Mtumba, kila mtu alikuwa na ramani mkononi. Fedha hizo zilifanya mengi, na kati ya mengi hayo Jiji likajenga hoteli. Sina chuki na hoteli. Wageni wa Bunge lazima walale mahali, na halmashauri inahitaji vitega uchumi. Lakini nauliza kama mlipa ushuru: kama baraza la madiwani linaweza kujipa ujasiri wa kuwa mwenye hoteli, kwa nini kulea watoto wa muuza karanga kunaonekana ni jambo lisilo la hadhi ya halmashauri?

Jibu nadhani liko kwenye hesabu, hivyo tuchukue karatasi.

Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma tangu Julai 2025 ni shilingi 500,000 kwa mwezi, nyongeza iliyotangazwa Mei Mosi ya mwaka huo hapo jirani Singida. Kwa mwaka mlezi wa kima hicho anagharimu milioni 6. Mgawie watoto 25, uwiano ambao serikali imeuweka kwa mwalimu mmoja wa awali, na nafasi ya mtoto mmoja inagharimu 240,000 kwa mwaka, sawa na 20,000 kwa mwezi. Hapo sijaweka uji, sabuni, maji, wala mchango wa mwajiri kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Na watoto wa miaka miwili hawalelewi 25 kwa mikono miwili, labda kama unataka kuwafunga kamba. Bei halisi iko juu zaidi. Tuishike hii ya chini kwa ajili ya mazungumzo.

Sasa weka pembeni yake ruzuku ya uendeshaji ya shule ya msingi, ambayo tangu siku za MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, imesimama kwenye shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, sehemu yake ikikatwa juu kwa juu kwa ajili ya vitabu. Siku za masomo kwa mwaka ni 194. Ukigawa unapata shilingi 51 na senti kwa siku. Andazi la barabarani hulipati kwa bei hiyo.

Na darasa? Mwaka 2021, fedha za UVIKO-19 zilipokuja, serikali ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima, 3,000 kati yake ya shule shikizi, zile ndogo zinazoegemea shule mama, kila darasa kwa milioni 20. Kazi ilifanyika, tena haraka, kwa fosi akaunti, yaani mafundi wa hapo hapo bila mkandarasi, na wakuu wa wilaya walilala saiti. Baadaye ukaja mradi wa BOOST wa mkopo wa Benki ya Dunia, dola milioni 500 kwa ajili ya awali na msingi, ambao umetuletea pia madarasa ya mfano ya awali, yamepakwa rangi, yana viti vidogo na michezo nje. Bei ya darasa moja la 2021 ni mshahara wa mlezi mmoja kwa miaka mitatu na miezi minne. Hapo ndipo mweka hazina anapokuna kichwa. Akijenga, mwezi wa arobaini na moja darasa bado lipo, na mbunge anaweza kulionyesha. Akiajiri, mwezi wa arobaini na moja anadaiwa tena. Kwa mhasibu, ukuta ni mali na mlezi ni deni lisilokwisha.

Basi tunajenga, kisha tunatafuta wa kuingia humo. Na aingiaye mara nyingi ni mwalimu wa kujitolea, binti wa kidato cha nne anayelipwa kwa michango ya wazazi, ile michango ambayo haiitwi ada kwa sababu elimu ni bila ada. Tangu Januari 2016 awali imo ndani ya elimumsingi bila malipo, na mwitikio ulikuwa wa kutisha. Watoto walifurika. Takwimu za serikali yenyewe zimewahi kuonyesha zaidi ya watoto mia kwa mwalimu mmoja wa awali katika shule zake, huku kitabu kikisema 25. Wengi wa waliofurika hawakuwa wa miaka mitano. Nenda shule yoyote ya pembezoni, Chigongwe au Mbabala, ukae mlangoni mwa vidudu asubuhi. Utaona wa miaka mitatu ameshikwa mkono na kaka yake wa darasa la pili, kamasi zinashuka, hana daftari. Mama yake amekwenda shamba. Mwalimu anajua kabisa hajaandikishwa, na anamkalisha. Ndiyo dei kea ya umma tuliyonayo: haina jina, haina bajeti, na mwalimu anayeiendesha anahukumiwa mwisho wa mwaka kwa sababu wale wa miaka mitano hawajui kusoma herufi.

Si sisi peke yetu tuliojikwaa kwenye neno bure. Serikali ya Uingereza, katika bajeti ya Machi 2023, iliahidi wazazi walio kazini saa 30 za malezi kwa wiki za muhula, zikilipiwa na umma kuanzia mtoto akiwa na miezi tisa, na ahadi ikakamilishwa kwa awamu hadi Septemba 2025. Kule vituo vingi ni vya watu binafsi, serikali inavilipa kwa saa. Wenye vituo wamelia kwa miaka kwamba kiwango hicho hakifikii gharama, na wengi hujazia pengo kwa kumtoza mzazi chakula, nepi na shughuli za ziada. Hazina yao inaizidi yetu kwa mbali, lakini pale malipo ya saa yalipopungua, bure ikageuka mchango. Binti wa kujitolea wa Chigongwe angewaelewa bila mkalimani.

Nimezungumza na watu wa halmashauri, na hoja zao si za kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba hawana mamlaka ya kuajiri watakavyo. Ikama, yaani idadi ya watumishi wanaoruhusiwa, inapita Utumishi, kibali kinasubiriwa, mwalimu anapangwa kutoka juu. Ni kweli. Lakini halmashauri hizo hizo zina watu wa mkataba wanaolipwa kwa mapato ya ndani, kuanzia madereva hadi wakusanya ushuru. Anayekusanya fedha ameonekana anastahili mkataba. Anayelea bado anajitolea.

Ya pili ni kwamba mapato ya ndani yamepukutika. Hapa nawaunga mkono. Kodi ya majengo, chanzo ambacho duniani kote ni riziki ya mji, iliondolewa mikononi mwa halmashauri mwaka 2016 ikaenda TRA, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Nyumba ya kawaida sasa inakatwa 1,500 kwa mwezi, 18,000 kwa mwaka. Ukitaka kuona maana yake, nyumba 334 zinatosha kulipa mshahara wa mlezi mmoja mwaka mzima. Kuna mitaa hapa mjini yenye nyumba hizo mara kadhaa. Mwananchi angenunua umeme akijua kipande fulani cha tokeni yake kimemlipa yule mama pale kituoni, nadhani manung'uniko ya kodi yangepungua kidogo. Si sana, tunajuana.

Ya tatu ndiyo inayonikera, na mara nyingi inatolewa na wanaume wenzangu wenye wake nyumbani: kwamba kuna asilimia 10. Yaani ile sheria inayoitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa 2023 kwa sababu fedha zilikuwa hazirudi, ukaanza tena 2024. Wanauliza, kwa nini kikundi cha kina mama kisikope kikaanzisha kituo? Kwa sababu mkopo unataka faida, ndugu yangu. Kikundi kikikopa kitapandisha ada hadi kirudishe, na kitafanya vizuri Ilazo. Mtoto wa muuza mboga halipi faida. Akilipa, mama yake hana sababu ya kwenda sokoni. Kuna huduma ambazo kumpa maskini mkopo aziuze kwa maskini mwenzake ni kumzungusha tu. Hatukuwahi kusema kina mama wakope wachimbe barabara ya mtaa.

Hoja ya nne huwa haisemwi wazi lakini iko chini ya zote: kulea ni kazi ya mama. Sawa. Dodoma ya zamani ilikuwa hivyo, mama na bibi na kaya nzima ya Wagogo kwenye tembe moja, mtoto anapita kutoka mgongo hadi mgongo. Lakini mwaka 1971 Operesheni Dodoma ilizihamisha kaya hizo ili, tuliambiwa, huduma ziweze kuwafikia watu wakiwa pamoja. Zahanati ilikuja, shule ikaja, kisima mara nyingine kilikuja. Kwenye vijiji vingi vya wakati ule chekechea nayo ilikuwepo, chini ya mti au kwenye jengo la chama, mama mmoja wa kijiji akipewa sehemu ya shamba la pamoja au mahindi ya ghala la kijiji kwa kazi yake. Nataka wasomaji vijana wasikie hilo vizuri: kijiji maskini cha miaka ya sabini kilijua kwamba mlezi analipwa. Mashamba ya ujamaa yalipokufa, kilichokufa nayo ni malipo yake, na chekechea zikafifia moja moja.

Vijijini hesabu hata ni nyepesi kuliko mjini. Bahi, Chamwino, Kongwa, mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Msimu huo ndio mama anakuwa shambani kwenye uwele na mtama tangu alfajiri, na ndio msimu watoto wadogo wanapobaki na wadogo wenzao, wakila kiporo cha ugali na mlenda kikiwepo. Mlezi wa miezi mitano kwa kima cha chini ni milioni 2 na nusu. Uji wa mtama unatoka kijijini humo humo, na wazazi wataleta debe bila kusukumwa wakiona kuna mtu wa kuupika. Wataalamu wa lishe wanaokuja na magari kupima udumavu kanda hii wangeokoa mafuta mengi kama pangekuwa na sufuria moja kubwa kila kijiji miezi hiyo mitano.

Kwa mjini ningependa jambo lianze kwenye ramani. Michoro ya viwanja vipya huwa ina alama za msikiti, kanisa, soko, shule, kituo cha mafuta. Chekechea ya umma sijaiona, na nimenunua kiwanja hapa mara moja na kukikosa mara mbili, kwa hiyo michoro nimeitazama sana. Lakini tukiishia kwenye kiwanja tutajenga boma jingine. Kiwe na kasma, fungu lake kwenye bajeti. Kwa kuanzia Jiji liajiri walezi wa mkataba, wachache, kwenye kata zenye masoko na kwenye njia ya Mtumba, walipwe kima cha umma, mzazi alete chakula au alipie chakula tu, na iandikwe hivyo mlangoni ili asije mtu na mchango wa mlinzi. Mama wa uani asiyesajiliwa asifungiwe, aingizwe: afundishwe, atengenezewe choo, alipwe kwa kila mtoto anayemlea kama yule mwenye kituo wa Uingereza, ila kwa bei isiyomlazimisha kudanganya.

Kwamba serikali haiwezi kumlipa mtu wa mtaani, siku hizi siamini. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watu wa mtaa na kitongoji wanaofundishwa na kupewa posho, kazi ambayo kwa miaka mingi tuliwaachia waliojitolea. Hoja iliyoshinda pale ilikuwa rahisi: mtu anayepita nyumba kwa nyumba kila wiki hawezi kuendelea kuishi kwa shukrani. Sioni kwa nini hoja hiyo isishinde kwa mtu anayekaa na watoto 25 kutwa.

Lugha ya bajeti ina neno lake kwa fedha hizi za kila mwezi zisizo na utepe. Mafungu ya uendeshaji ambayo si mishahara yanaitwa Matumizi Mengineyo. Humo ndimo zinamokaa dizeli, karatasi, chai ya vikao. Uji wa chekechea na posho ya mlezi vingekuwa majirani wa chai hiyo, na naamini wasingegombana.

Mwezi uliopita tulikuwa na mkutano wa mtaa. Jirani yangu aliomba ruhusa kazini akaja, mtoto akiwa kifuani, yule binti wa Chemba amesimama nyuma yake na chupa ya maji. Aliuliza swali moja: uwanja wa wazi ule karibu na ofisi ya mtaa, ambao sasa unalisha mbuzi wa watu watatu, hauwezi kuwekwa kituo cha watoto, na Jiji likatuletea mlezi? Watu walicheka kidogo, kisha hawakucheka. Mwenyekiti akasema ni wazo zuri, wananchi tukichanga tofali serikali itatuunga mkono. Mzee mmoja akaahidi tofali mia mbili papo hapo. Jirani akauliza tena, na mlezi? Mtendaji, ambaye ni kijana msikivu na hana ubaya, akafungua daftari la mihtasari, akapitisha kidole kwenye ajenda, maji, ulinzi, taka, barabara, akaona hakuna pa kuliweka. Akaliandika mwisho, chini ya mbuzi wanaozurura. Mengineyo.